Picha Isiyosafiri: Emoji na Uaminifu wa Ujumbe katika Vyombo Mbalimbali

Utangulizi

Mawasiliano ya maandishi katika karne hii yamejipatia kiungo kipya. Mwanafunzi anayempongeza mwenzake kwa kufaulu mtihani, katibu wa chama anayetangaza mkutano na jamaa anayetuma rambirambi kwa waliofiwa, wote huambatisha picha ndogo mwishoni mwa maneno yao. Picha hizo ndizo ziitwazo emoji. Aghalabu mtumaji huamini kwamba alichokiona kwenye kiwambo cha simu yake ndicho hasa kitakachoonekana kwenye kiwambo cha mpokeaji. Imani hiyo ina walakini. Uso uliotumwa ukitabasamu huweza kufika ukiwa umekenua meno kwa ghadhabu, bendera ya taifa huweza kufika ikiwa herufi mbili tupu, na tangazo lililolipiwa kama arafa moja huweza kutozwa gharama ya arafa tatu.

Makala haya yanadhamiria kueleza kwa nini mambo hayo hutokea na namna mwandishi wa Kiswahili anavyoweza kuyaepuka. Hoja kuu ni kwamba katika emoji picha haisafiri. Kinachosafiri ni nambari. Anayelielewa jambo hili moja huweza kutabiri takriban kila hitilafu itakayomkabili. Kila emoji inayojadiliwa hapa inaelezwa kwa maneno na kutajwa kwa nambari yake, kwa kuwa nambari hiyo haibadiliki kutoka chombo kimoja hadi kingine.

Asili ya emoji

Neno emoji ni la Kijapani. Limeundwa kwa sehemu mbili: e, yenye maana ya picha, na moji, yenye maana ya herufi. Kwa hiyo emoji ni herufi-picha. Ni kosa kulihusisha neno hili na lile la Kiingereza linalomaanisha hisia, ingawa yanafanana kwa matamshi. Mfanano huo ni wa sadfa.

Mwaka wa 1997 kampuni ya simu ya J-Phone nchini Japani ilitoa simu iliyokuwa na picha 90 za namna hii. Mwaka wa 1999 Shigetaka Kurita, aliyekuwa akiifanyia kazi kampuni ya NTT DoCoMo, alibuni picha 176 kwa ajili ya huduma ya intaneti ya simu iliyoitwa i-mode. Kila picha ilichorwa katika mraba wenye nukta 12 kwa 12. Mkusanyiko huo ulichukuliwa na jumba la makumbusho ya sanaa za kisasa la New York, MoMA, mwaka wa 2016.

Tatizo linalojadiliwa hapa lilizaliwa pamoja na emoji zenyewe. Kila kampuni ya simu nchini Japani ilikuwa na picha zake na nambari zake za kuziwakilisha. Mteja wa kampuni moja alipomtumia mteja wa kampuni nyingine picha ya jua, mpokeaji huenda akaona alama isiyo na maana. Ilikuwa kana kwamba watu wawili wamekubaliana kusemezana kwa kamusi mbili tofauti.

Suluhisho lilipatikana katika Unicode. Hili ni shirika lililosajiliwa Marekani mwaka wa 1991 kwa lengo la kuipa kila herufi ya kila mfumo wa maandishi duniani nambari yake ya pekee. Katika utaratibu huo herufi "a" ndogo ni U+0061, iwe imeandikwa Lamu au Lisbon. Nafasi zilizotengwa kwa jumla ni 1,114,112, na emoji zilianza kuingizwa humo kwa mamia katika toleo la 6.0 la mwaka wa 2010. Hivi leo emoji zinazotambuliwa, pamoja na zile zinazoundwa kwa kuunganisha alama kadhaa, zimezidi 3,700. Ikumbukwe pia kwamba Unicode ina kanuni thabiti: nambari ikishatolewa haifutwi wala haihamishiwi alama nyingine.

Fonimu na alofoni za picha

Mwanafunzi wa isimu ana nafasi nzuri ya kulielewa suala hili. Katika fonolojia hutofautishwa fonimu na alofoni. Fonimu ni kipashio dhahania kilichomo akilini mwa wazungumzaji, ilhali alofoni ni sura ambayo kipashio hicho hujitokeza nayo katika matamshi. Sauti /n/ hutamkwa kwenye ufizi katika neno "nazi" lakini husogea hadi kwenye kaakaa laini katika neno "ngoma". Sura zimetofautiana, kipashio ni kile kile.

Emoji nazo ziko vivyo hivyo. Unicode hutoa fonimu, yaani nambari na jina. Alofoni, yaani mchoro wenyewe, huchorwa na kila kampuni kwa mkono wake. Apple ina michoro yake, Google ina yake, Microsoft ina yake na Samsung ina yake. Programu ya WhatsApp nayo, inapotumika katika simu za Android, huja na michoro yake yenyewe isiyotegemea ile ya simu. Ndiyo maana ujumbe mmoja ukifunguliwa katika programu mbili za simu ile ile huweza kuonyesha sura mbili.

Tofauti na alofoni za lugha, ambazo msikilizaji hazitambui kwa urahisi, alofoni za emoji huweza kubadilisha maana. Mfano mashuhuri ni wa bastola (U+1F52B). Mwaka wa 2016 Apple iliubadilisha mchoro wa bastola halisi ukawa wa bastola ya maji, ile ya kuchezea watoto. Kwa takriban miaka miwili aliyetuma mzaha wa kurushiana maji kutoka simu ya Apple aliweza kufasiriwa na mwenye simu ya kampuni nyingine kuwa anatishia kuua. Kampuni nyingine kubwa zilifuata mkondo huo mwaka wa 2018, lakini mwaka wa 2024 mtandao wa X uliirejesha bastola halisi. Nambari haikuguswa hata mara moja katika muda huo wote.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani waliuchunguza mkanganyiko huu mwaka wa 2016. Waligundua kwamba uso unaocheka huku macho yakitabasamu (U+1F601) ulipokewa na baadhi ya watu kama furaha na wengine kama hasira, kwa kutegemea kampuni iliyouchora. La kushangaza zaidi, hata watu walipoonyeshwa mchoro ule ule mmoja, katika asilimia 25 ya hali hawakuafikiana iwapo hisia iliyobebwa ilikuwa njema, mbaya au ya wastani.

Uambishaji wa picha

Si kila emoji ina nambari moja. Baadhi huundwa kwa kuunganisha alama kadhaa, kama vile kitenzi cha Kiswahili "anayefundisha" kinavyoundwa kwa mofimu a-na-ye-fund-ish-a. Chukulia mfano wa picha ya mwalimu wa kike mwenye ngozi ya kahawia iliyokoza. Ndani yake mna vipashio vinne: mwanamke (U+1F469), kiambishi cha rangi ya ngozi (U+1F3FE), kiungo kisichoonekana (U+200D) na jengo la shule (U+1F3EB). Viambishi vya rangi ya ngozi ni vitano, na viliingizwa katika Unicode mwaka wa 2015.

Simu inayoifahamu kanuni hiyo huvisoma vipashio vyote vinne kuwa picha moja. Simu ya zamani isiyoifahamu huvisoma kimoja kimoja: mwanamke, kisha shule kando yake, na pengine kipande cha rangi katikati. Mpokeaji hubaki akijiuliza iwapo anaambiwa kuhusu mwalimu au kuhusu mama aliyekwenda shuleni. Mpangilio umevunjika, kama vile mtu aliyelitenganisha neno na kuzitamka mofimu zake kama maneno huru.

Bendera nazo hufuata utaratibu wa aina hiyo. Bendera ya Kenya haina nambari yake. Huandikwa kwa alama mbili maalumu za herufi K (U+1F1F0) na E (U+1F1EA), ambazo ni kifupi cha kimataifa cha jina la nchi. Tanzania huandikwa kwa T na Z. Chombo kikiwa na mchoro wa bendera hiyo huzibadili herufi mbili kuwa bendera. Mfumo endeshi wa Windows kwa miaka mingi haukuwekewa michoro ya bendera za nchi katika fonti yake, na hivyo aliyetuma salamu za Jamhuri kutoka simuni huweza kusomwa kwenye tarakilishi kwa herufi "KE" tu.

Kuna pia alama zenye sura mbili. Moyo mwekundu (U+2764) ulikuwamo katika Unicode tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla emoji hazijaingizwa, kama alama nyeusi ya mapambo ya uchapaji. Ili uonekane kwa rangi, unapaswa kufuatwa na kichaguzi kisichoonekana (U+FE0F). Kichaguzi hicho kikipotea njiani, moyo wa mapenzi hufika ukiwa mweusi.

Gharama ya arafa na kisa cha ng'

Katika nchi ambamo shule, makanisa, misikiti, vyama vya akiba na vyama vya wanafunzi bado hutegemea arafa za kawaida kuwafikia wanachama, suala la emoji si la mapambo tu. Ni suala la fedha.

Arafa moja hubeba herufi 160 iwapo herufi zote zimo katika orodha fupi iliyowekwa kwa ajili ya simu. Herufi za Kiswahili sanifu zote zimo. Lakini herufi moja tu isiyokuwamo ikiingia, ujumbe mzima hubadilishwa mfumo, na uwezo wa arafa hushuka hadi nafasi 70. Ujumbe ukizidi hapo hukatwa vipande vya nafasi 67, kwa kuwa nafasi kidogo hutengwa kwa ajili ya kuviunganisha tena. Emoji ya kawaida huchukua nafasi mbili. Yule mwalimu wa kike aliyetajwa hapo juu huchukua nafasi saba.

Chukulia katibu aliye na tangazo la herufi 155 kwa wanachama 200. Bila emoji atalipia arafa 200. Akiongeza picha moja ya kushangilia mwishoni, ujumbe unakuwa na nafasi 157 katika mfumo mpana, unakatwa vipande vitatu, na katibu analipia arafa 600. Picha moja imetafuna mara mbili ya bajeti iliyokusudiwa.

Mtego huu una uso mwingine unaokihusu Kiswahili moja kwa moja. Sauti ya mwanzo ya maneno ng'ombe, ng'ambo na ng'oa huandikwa kwa kutumia kibainishi. Kibainishi kilichosimama wima (U+0027) kimo katika orodha fupi ya arafa. Kile kilichopinda (U+2019), ambacho programu nyingi za uandishi hukiweka zenyewe bila kuulizwa, hakimo. Kwa hiyo tangazo la mnada wa ng'ombe lililonakiliwa kutoka kwenye hati ya tarakilishi huweza kugharimu zaidi ya lile lililoandikwa simuni, ingawa macho hayaoni tofauti yoyote na hamna emoji hata moja ndani yake.

Kuzisoma dalili

Hitilafu za emoji hufanana kwa mtazamo wa haraka, lakini kila moja huwa na chanzo chake. Mwandishi anayeweza kuzibainisha dalili huokoa muda mwingi.

Kisanduku kitupu. Dalili hii huonyesha kwamba nambari imefika salama, ila chombo hakina mchoro wake. Ujumbe huo huo ukifunguliwa katika simu mpya zaidi, picha huonekana. Hapana haja ya kuuandika upya.

Alama ya kuuliza. Palipokuwa na emoji pakiwa na "?" moja au zaidi, aghalabu nambari yenyewe imepotea wakati ujumbe ulipobadilishwa mfumo. Hapo hakuna simu itakayoirejesha. Ni lazima ujumbe utumwe tena kwa njia nyingine.

Herufi za ajabu zinazoanza kwa "ðŸ". Emoji nyingi zikihifadhiwa kwa mfumo wa UTF-8 hutumia baiti nne, na baiti mbili za kwanza huwa zile zile. Programu inayozisoma baiti hizo kwa mfumo wa zamani wa Windows huzitafsiri kuwa herufi hizo mbili. Data bado ipo. Kinachohitajika ni kuifungua faili upya kwa kuchagua UTF-8.

Maandishi yaliyokatika. Fomu ya tovuti ikihifadhi maneno yote yaliyotangulia emoji na kuyatupa yote yaliyoifuata, tatizo limo katika hifadhidata. Programu ya MySQL, inayotumika katika tovuti nyingi, ilikuwa na mpangilio ulioitwa utf8 ambao uliweza kubeba baiti tatu pekee kwa kila herufi. Mpangilio kamili, utf8mb4, uliongezwa mwaka wa 2010 na ukawa wa kawaida katika toleo la 8.0 la mwaka wa 2018. Tovuti zilizojengwa kwa mpangilio wa kale huendelea kuzimeza sentensi za watu.

Emoji na wajibu

Huenda ikadhaniwa kuwa haya ni mambo ya vijana wanaopiga soga. Uamuzi wa mahakama moja ya jimbo la Saskatchewan nchini Kanada unaonyesha vinginevyo. Mnunuzi wa nafaka alimtumia mkulima picha ya mkataba wa kuuziana mbegu za kitani na kumwomba athibitishe. Mkulima akajibu kwa alama ya kidole gumba kilichoinuliwa (U+1F44D). Mbegu hazikupelekwa. Mkulima alijitetea kwamba alimaanisha tu kuwa ameupokea mkataba, si kwamba ameukubali. Mwaka wa 2023 mahakama iliamua kuwa alama hiyo ilikuwa sawa na sahihi yake, na ikamwamuru alipe zaidi ya dola 82,000 za Kanada. Mahakama ya rufani ya jimbo hilo iliuunga mkono uamuzi huo mwaka wa 2024.

Katika kisa hiki nambari ilifika salama na mchoro ukaonekana sawasawa. Kilichokosekana ni mapatano kuhusu maana. Hali ni hiyo hiyo kwa uso unaotokwa na machozi ya furaha (U+1F602), ambao katika kiwambo kidogo hufanana mno na uso unaolia kwa sauti (U+1F62D). Rambirambi iliyotumwa kwa uso wa kwanza mahali pa wa pili huwafikia wafiwa kama kicheko matangani. Hakuna fonti itakayolirekebisha kosa hilo.

Mapendekezo

Kutokana na yaliyojadiliwa, mwandishi anaweza kuzingatia mambo yafuatayo.

Kwanza, neno libebe maana, emoji ibebe toni. Sentensi iwe kamili hata emoji ikifutwa. Kuandika "Njoo na" kisha picha ya kitabu ni kuuweka ujumbe rehani. Kuandika "Njoo na kitabu" kisha picha hiyo hakumpunguzii msomaji chochote picha ikipotea.

Pili, emoji kongwe zina usalama zaidi. Zile za mwaka wa 2010 zinapatikana katika takriban kila simu ya kisasa, ilhali zilizoidhinishwa karibuni huchukua muda kabla ya kufika katika simu nyingi. Aidha, emoji ya nambari moja ni imara kuliko ile iliyoambishwa.

Tatu, arafa zinazotumwa kwa jumla ziandikwe bila emoji, na vibainishi vyote viwe vya wima.

Nne, pale ambapo sura ndiyo muhimu, kama vile katika bango au jalada la jarida, emoji igeuzwe kuwa picha kamili. Picha husafiri na sura yake. Herufi haisafiri nayo.

Tano, wasioona wakumbukwe. Programu zinazowasomea maandishi hutamka jina la kila emoji. Nyuso kumi za kucheka zilizopangwa kwa safu hutamkwa mara kumi. Ni jambo la kutia moyo kwamba Kiswahili kimo katika hazina ya Unicode ya majina ya emoji, na hapa pana uwanja wa kazi kwa wanafunzi wa tafsiri na istilahi: kuyapima majina hayo na kupendekeza yaliyo bora.

Sita, tangazo muhimu lijaribiwe kwanza kwa kutumwa kwa simu mbili za kampuni tofauti na kufunguliwa katika tarakilishi moja.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba emoji ni herufi kabla ya kuwa picha, na kwamba safari yake hupitia mikono mingi: mwenye kuipa nambari, mwenye kuichora, mwenye kuihifadhi na mwenye kuifasiri. Penye mikono mingi hapakosi upungufu. Hii si sababu ya kuzikataa emoji, kwani zimejaza pengo halisi. Maandishi hayana sauti wala uso, na binadamu huvihitaji vyote viwili.

Hata hivyo, Kiswahili hakikulisubiri jambo hili kutoka Japani. Kategoria ya vihisishi imelibeba jukumu hilo tangu zamani. Anayeandika "Hoyee!" ameshangilia, anayeandika "Masalale!" ameshtuka, na anayeandika "Makiwa" ameinamisha kichwa pamoja na wafiwa. Kila herufi ya maneno hayo imo katika orodha fupi ya arafa, huonyeshwa na kila simu, ya tochi kwa ya kisasa, na haijawahi kufika kwa mtu ikiwa kisanduku kitupu. Mwandishi mwangalifu ataitanguliza hazina hiyo, kisha aipambe kwa picha akipenda.